Wale Mama Wawili Wameishia Wapi? Kinjeketile na Ubishi wa Kwenda Vitani

Katika semina zetu za tamthiliya kuna majibu ambayo siku hizi yamekuwa kama kiitikio. Uliza tu *Kinjeketile* ya Ebrahim Hussein (1969) inahusu nini, na darasa zima litakujibu kwa pamoja: umoja, ukombozi, kupinga ukoloni. Uliza kwa nini Kinjeketile anakataa kutoa ruhusa vita vianze, utaambiwa ama ni mwoga, ama ni kiongozi aliyepoteza imani na umma wake. Hata mimi nilijibu hivyo mwaka wa kwanza, tena nikapewa alama nzuri. Kwa hiyo makala haya kwanza ni ya kujikosoa.

Lililonigeuza ni swali la bibi yangu. Mwaka jana kikundi chetu kiliigiza baadhi ya maonyesho ya tamthiliya hii hapa chuoni. Mimi sikuwa mhusika wa maana. Nilikuwa mmoja wa wale vijana wanaopiga kelele vita vianze, na kelele nilizipiga kweli kweli. Bibi alikuwa amekuja mjini Dodoma kwa ajili ya kliniki ya macho, nikamwomba aje atazame. Alikaa mstari wa mbele, kanga yake magotini, ametulia. Tulipomaliza nilimfuata nikidhani atanisifu. Akaniuliza, "Mjukuu wangu, wale mama wawili waliokuwa wanalia njaa pale mwanzo, wameishia wapi?"

Nilicheka. Nikamwambia, "Bibi, hadithi si ya wale. Hadithi ni ya vita." Naye akasema, "Haya. Na hiyo vita ilikuwa inakula wapi?"

Sikuwa na jibu, na nilipolitafuta katika maandishi ya wahakiki tunaosomeshwa sikulipata kwa urahisi. Nitajaribu kulitafuta hapa. Hoja yangu ni kwamba tamthiliya hii, kabla haijawa ya maji wala ya umoja, ni tamthiliya ya ubishi: tupigane au tusipigane, na kama tunapigana, lini? Na msiba wake ni kwamba ubishi huo unazimwa kabla haujaisha, tena bila wale wa jikoni kuulizwa.

Ubishi wenyewe

Hebu tuukumbuke mchezo ulivyopangwa. Unafunguliwa na wanawake, Bi Kinjeketile na Bi Kitunda, wakizungumzia shida ya chakula. Wanaume wanafanyishwa kazi kwa nguvu katika shamba la Bwana Kinoo, kwa hiyo mashamba ya nyumbani hayana mtu. Baada ya hapo ndipo tunaingizwa katika vikao vya siri vya wanaume, na hapo tunakuta ubishi mtupu. Kila mtu anataka Mdachi aondoke, hilo halina mpinzani. Lakini nani aanze? Kwa silaha gani? Na je, yule wa kabila lile anaaminika? Hussein amewapa baadhi ya wahusika majina ya makabila yao, na wengi wetu huandika katika mitihani kwamba hiyo ni ishara ya ukabila unaopaswa kushindwa. Ni kweli. Lakini ni kweli vilevile kwamba wanapobishana hivyo wanafanya kazi ya maana: wanapima. Mtu anayesema, "Bunduki zao tutazifanyaje?" huyo si msaliti. Anauliza swali ambalo mtu yeyote mwenye watoto angeliuliza.

Halafu Kinjeketile anachukuliwa na Hongo, anazama mtoni Rufiji, na anatoka na maji. Ubishi unakwisha palepale. Jana walikuwa wanashukiana, leo ni ndugu. Sisi tunaosoma tunashangilia, na tuna haki ya kushangilia, maana umoja ule ni mzuri. Ila tuulizane, jamani: wamekubaliana, au wameacha tu kuulizana?

Maji yamekaa mahali pa nini?

Hapa naomba niazime chombo kutoka nje ya tamthiliya. Kila Mtanzania anayajua maneno matatu ya Mwalimu Nyerere katika hotuba yake ya Novemba 2, 1978, mbele ya wazee wa Dar es Salaam, baada ya majeshi ya Idi Amin kuvamia Kagera: nia, sababu na uwezo. Tumeyazoea mno hata tunayatania mabwenini, mtu akitaka kwenda kula anasema nia anayo, sababu anayo, uwezo ndio shida. Lakini kama mizani ya kupimia vita, maneno yale ni makali sana. Tuyapeleke Rufiji ya 1905 tuone.

Nia ipo. Hakuna anayeitilia shaka.

Sababu zipo, tena tele: kazi ya kulazimishwa, kodi, viboko, mashamba ya pamba. Na historia inathibitisha, kwani vita vya Majimaji vilianza Julai 1905 kwa watu kung'oa pamba huko Nandete, Umatumbini. Hata hivyo Hussein ametia ufa mdogo hapa ambao wengi tunaupita haraka. Katika maneno yanayomtoka Kinjeketile akiwa amepandwa, anasema kwamba baada ya ushindi watu watakuwa chini ya Seyyid Said. Akili zinapomrudia anashtuka. Yaani tumtoe bwana huyu tumpokee bwana yule? Ni yeye mwenyewe aliyetamka, na ni yeye wa kwanza kuyatilia shaka.

Sasa uwezo. Hapo ndipo panapokosekana kitu, na hapo ndipo maji yanapowekwa. Kwa maoni yangu hii ndiyo kazi ya maji katika muundo wa tamthiliya: yamekaa mahali pa uwezo. Hayakuleta mafunzo, hayakuleta bunduki wala chakula. Yamelifuta swali tu. Tangu siku ile, anayeuliza, "Tutaweza?" haonekani tena kuwa mtu anayepima, anaonekana mtu anayeyakana maji. Na ajabu yenyewe ni kwamba wa kwanza kunaswa na mtego huu ni Kinjeketile. Yeye anataka muda. Anataka makabila mengine yaingie na watu wafunzwe kupigana, na Kitunda anaifanya kazi hiyo ya kuwafunza. Kwa lugha ya ile mizani, Kinjeketile anataka kuujenga uwezo wa kweli chini ya ule wa maji. Lakini vijana (na mimi nikiwa mmojawao jukwaani) wanamwuliza: tunangoja nini, si umetupa maji? Neno alilolitoa yeye limeshakuwa mali ya watu, na halimruhusu hata yeye kubisha.

Ndiyo maana sikubali tena kwamba Kinjeketile ni mwoga. Kosa lake si kuchelewesha vita. Kosa lake ni kwamba aliwapa watu jibu ambalo haliwezi kubishiwa, halafu akataka kulibishia.

Ukweli una wakati wake

Baadhi ya wenzangu wanaofuata uhakiki wa kimapinduzi watasema, na katika semina wamekwisha kusema: "Ndugu, unatetea kungoja, na kungoja ni kukubali utumwa." Hoja hii ina uzito, siwezi kuidharau. Mtu anayechapwa viboko shambani humwambii asubiri kikao. Na wanahistoria wengi wametufundisha kwamba Majimaji, pamoja na kushindwa, yalipanda mbegu ya utaifa.

Lakini tuangalie na bei. Kinjeketile Ngwale wa historia alinyongwa Mohoro mwanzoni mwa Agosti 1905, vita ndiyo kwanza vinaanza. Hussein amemwacha wa kwake aishi hadi mwisho ili ayaone matokeo, na ndiyo maana hatupaswi kuwachanganya hao wawili. Tarehe 30 Agosti wapiganaji waliishambulia ngome ya Mahenge wakakatwa na bunduki za rashasha. Baadaye Wajerumani wakaigeuza njaa kuwa silaha: walichoma maghala na mashamba. Makadirio ya waliokufa yanaanzia 75,000 na kufika 300,000, na sehemu kubwa waliuawa na njaa, si risasi. Kwa hiyo lile lalamiko la Bi Kinjeketile la mwanzo wa mchezo halikuwa pambo la mandhari. Lilikuwa ndilo swali la uwezo, limeulizwa na mtu ambaye hakualikwa kikaoni.

Sasa tazama mwisho wa tamthiliya. Kinjeketile amekamatwa, anapigwa, na Mdachi anamtaka aseme kwamba maji yalikuwa uongo. Anakataa. Tumezoea kusema amekataa kwa ajili ya vizazi vijavyo, nami nakubali. Ila naongeza hili: neno lilelile, "maji si kitu", lingesemwa hadharani kabla ya vita lingeokoa roho za watu, na likisemwa baada ya vita linamfaa mtesaji peke yake. Ukweli haukubadilika, kilichobadilika ni wakati. Jamii iliyozima ubishi wakati wa kubishana haiupati tena ubishi huo bure. Inaupata pale ambapo kubisha kumekuwa usaliti kweli. Hapo ndipo ninapoona ukubwa wa Hussein, naye ameuonyesha bila kutuhubiria.

Kwa nini bibi aliuliza

Nilipomrudia bibi kumwuliza kwa nini aliwashikilia wale mama wawili, hakunipa hoja ya kitamthiliya. Alinitajia Mtunya.

Wenzangu mliokulia Ugogo mnalijua neno hili. Kwa wageni nitaeleza kidogo, na nitaanzia mbali, kwa sababu Mtunya nao ulianza na ubishi wa kwenda au kutokwenda vitani. Vita Kuu ya Kwanza ilipolipuka Agosti 1914, watawala wa Kijerumani wa nchi hii hawakuwa na kauli moja. Gavana Heinrich Schnee alitaka koloni lisiingie vitani, akitegemea Mkataba wa Berlin wa 1885 uliotoa nafasi ya makoloni ya bonde la Kongo kubaki nje ya ugomvi wa Ulaya. Kamanda wa jeshi, Paul von Lettow-Vorbeck, alitaka vita, ili majeshi ya Waingereza yashughulishwe huku Afrika. Walibishana vikali wao kwa wao. Lettow-Vorbeck akashinda ubishi, na Novemba 1914 akashinda vita vya Tanga, na baada ya hapo hakuna aliyemsikiliza gavana tena. Katika ubishi huo wote, Mgogo aliyekuwa anachunga ng'ombe wake kando ya reli ya kati aliulizwa lini?

Hakuulizwa, lakini alilipa. Wajerumani walichukua ng'ombe na nafaka kulisha askari wao. Majeshi ya Waingereza yalipoingia Dodoma mwishoni mwa Julai 1916, nayo yalichukua ng'ombe, nafaka na wanaume wa kubeba mizigo. Kisha mvua zikakosekana. Kati ya 1917 na 1920, kwa makadirio ya wanahistoria, katika watu wapatao 150,000 wa Ugogo walikufa kama 30,000. Mtu mmoja katika kila watano. Ukame tuliuzoea hapa, huja na kuondoka, na watu walikuwa na njia zao: unauza ng'ombe, unakwenda kuhemea kwa jamaa wa mbali. Safari hii ng'ombe hawakuwapo, wanaume wa kwenda kuhemea hawakuwapo, na ghala lilikuwa limekwisha kufagiliwa. Bibi wa bibi yangu alikuwa msichana wakati ule. Alivyosimulia ni kwamba watu walisahau salamu. Ukikutana na mtu njiani unatazama kwanza kama amebeba kitu.

Kwa hiyo bibi alipokuwa anatazama mchezo wetu hakuwa anatazama Rufiji. Aliwaona wanawake wawili hawana chakula, akaona wanaume wanakwenda kikaoni, akajua kinachofuata. Mimi nilikuwa na kitabu mkononi na sikujua.

Na Kagera je?

Nategemea swali hili litakuja, maana maneno matatu niliyoyaazima yalitoka huko. Sitaki nieleweke vibaya. Kuna vita ambavyo hoja ya kupigana imekwisha kukaa mlangoni. Oktoba 1978 adui alikuwa amekwisha vuka mpaka, ameua, amepora, na tarehe 1 Novemba Amin akatangaza kwamba eneo lile ni lake. Babu yangu alikwenda katika mgambo, na bibi anasema, "Ile tulikubali. Mtu kaingia ndani ya nyumba, utajadili nini?" Mimi pia nakubali. Kupenda ubishi hakumaanishi kukataa kila vita.

Lakini ndani ya vita vile kulikuwa na swali la pili: tukishamtoa, tunaishia mpakani au tunaendelea? Majeshi yetu yaliendelea, yakafika Masaka, na Aprili 11, 1979 Kampala ikaanguka. Kwamba Waganda walimchoka Amin hatubishani. Ninachokitazama ni ubishi wa hadharani ulifanyika wapi. Ulifanyika Monrovia, Julai 1979, katika mkutano wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika, ambako Nimeiri wa Sudan na Obasanjo wa Nigeria waliilaumu Tanzania kwa kuingia nchi ya watu. Marais walibishana baada ya kazi kwisha. Nyumbani tuliambiwa tufunge mikanda kwa miezi 18. Bibi anayo hesabu yake ya miezi hiyo: foleni za sukari, sabuni ya kugawana vipande, na miaka kupita kabla mkanda haujalegea. Hajutii. Anasema tu kwamba hakuna aliyekuja kumwuliza ghala lake lina magunia mangapi, na katika yale maneno matatu, magunia yake yalikuwa ndani ya lile la tatu.

Na leo? Katiba ya Jamhuri ya Muungano, Ibara ya 44, inampa Rais uwezo wa kutangaza hali ya vita. Nakala ya tangazo inapelekwa kwa Spika, na Bunge liitwe ndani ya siku 14 tangu tangazo litolewe, lijadili kama liunge mkono. Bunge hilo liko hapa hapa Dodoma, juu ya ardhi ileile ya Mtunya. Mimi si mwanasheria, nasoma fasihi. Lakini kwa jicho la mtu wa tamthiliya naona mpangilio wa matukio: kwanza neno linatamkwa, ndipo wabishi wanaitwa. Kinjeketile angeweza kuwaambia wabunge ugumu wa kubisha neno likishatamkwa.

Tufanye nini na mchezo huu

Nahitimisha. Sisemi Hussein aliwasahau wale mama wawili. Mwandishi aliyeamua kuufungua mchezo wake wa vita kwa wanawake wanaozungumzia chakula hakufanya hivyo kwa bahati mbaya. Waliowasahau ni sisi, wahakiki na waigizaji. Katika madaftari yetu tunawaweka chini ya kichwa "nafasi ya mwanamke", mistari mitatu, basi. Tukubali kwamba wao ndio walioanza mjadala wa vita katika tamthiliya ile, na kwamba kila kikao kinachofuata tukisome kwa kuuliza: je, swali lao limejibiwa?

Na kwa kikundi chetu cha maigizo nina ombi dogo la kifani. Mwaka huu tukiigiza tena, Bi Kinjeketile na Bi Kitunda wasitoke jukwaani baada ya onyesho la kwanza. Wakae pembeni, mafiga yao matatu na chungu kitupu, katika mwanga hafifu, wakati wote wa vikao, wa maji, wa Mahenge, hadi gerezani. Wasiseme neno lisilokuwamo kitabuni. Wanaume wakija kupiga kelele za vita wapite mbele yao. Safari hii sitaomba nafasi ya kupiga kelele. Nitaomba ya kuwasha taa.

Mwalimu wetu wa semina amekwisha kuniambia kwamba pendekezo hili linaugeuza mchezo wa ukombozi kuwa mchezo wa njaa. Sijui kama vitu hivyo viwili vinatengana kiasi hicho. Anayepinga na aandike katika toleo lijalo, nitamsoma kwa makini. Bibi yangu anarudi kliniki baada ya mavuno, nami nimemwahidi kiti cha mbele.